Wiki sita kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: aanze na nini, lini?

Mpishi_wa_Nyumbani
Wadau, habari zenu. Dada yangu kapangiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza kama mrija. Zimebaki wiki sita. Karatasi aliyopewa inasema "badilisha ulaji", halafu wiki mbili za mwisho "kalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo, protini ya kutosha". Basi, imeishia hapo. Mpishi ni mimi, kwa hiyo naomba mnisaidie haya:

Hizo kalori 800 nimwanzishie leo ili azoee, au nisubiri? Kwa kalori chache hivyo, protini nitaitoa wapi? Halafu ana kisukari, anameza glibenklamidi na kujichoma insulini usiku. Na kahawa ni vikombe vitano kwa siku, soda ndiyo usiseme.

Kijiko_cha_Chai
Karibu. Usianze kalori 800 leo. Hapo kuna kazi mbili tofauti na watu wengi huzichanganya. Wiki nne za mwanzo ni za kujifunza *namna* ya kula. Wiki mbili za mwisho ni kwa ajili ya ini.

Ini kwanza. Upande wake wa kushoto hulala juu ya tumbo. Upasuaji hufanywa kwa matundu madogo na kamera, kwa hiyo daktari lazima aliinue ini kwa chuma ndipo aone anachokata. Ini lenye mafuta ni kubwa, zito na laini. Likiguswa vibaya linachanika na kutoa damu. Ukipunguza wanga, mwili unatumia akiba yake ya sukari iliyo ndani ya ini, ile glikojeni, na kila gramu ya glikojeni huondoka na takriban gramu tatu za maji. Mafuta nayo yanaanza kupungua. Ndiyo maana wiki mbili tu zinatosha kulifanya linywee. Ini likikutwa bado kubwa, daktari anaweza kulazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu, au kuahirisha kabisa.

Sasa namna ya kula, hii ianze leo kwa chakula chake cha kawaida:

Mpe kijiko cha chai, si cha mezani. Tonge likishaingia mdomoni kijiko kinarudi mezani mpaka atafune liwe uji. Mlo mmoja uchukue dakika 20 hadi 30. Baada ya upasuaji, kipande cha nyama kisichotafunwa kinakwama: kifua kinabana, mate yanajaa mdomoni kama povu, kisha anatapika. Nyama kavu na mkate mlaini ndivyo vinavyoongoza kwa kukwama.

Atenganishe kula na kunywa. Aache kunywa nusu saa kabla ya mlo, asubiri nusu saa baada yake. Tumbo litakalobaki huchukua mililita 100 hadi 150 tu, kwa hiyo maji na chakula havitoshi kwa pamoja. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu bado anahitaji lita moja na nusu hadi mbili za maji kwa siku, na hawezi tena kugugumia. Chupa ya nusu lita, mafunda madogo madogo, kwa muda wa saa moja na kitu. Aizoee sasa.

Kwenye sahani, protini inaliwa kwanza, mboga zinafuata, wanga mwisho. Akishiba njiani, kinachobaki kiwe wanga.

Soda iondoke wiki hii, hata ile isiyo na sukari, maana gesi kwenye tumbo dogo ni maumivu. Kahawa usiikate ghafla. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu au nne. Akiiacha siku ileile anayoanza mlo wa ini, ule wa wiki mbili za mwisho, kichwa kitamuuma kwa sababu mbili kwa mpigo na hamtajua ipi ni ipi.

Kama anavuta sigara, hilo ni la leo, si la wiki mbili za mwisho. Sigara inachelewesha kupona kwa kidonda na inaleta vidonda vya tumbo baadaye.

Dawa_na_Kipimo
Naongezea la kisukari kwa sababu ndilo linaloweza kumpeleka mtu hospitali kabla ya tarehe yake. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hajala. Ukichanganya na insulini ya usiku na chakula cha kalori 800, sukari itashuka, na mara nyingi hushuka alfajiri akiwa usingizini. Apige simu kliniki ya kisukari *kabla* ya siku ya kwanza ya mlo wa ini apewe dozi mpya. Mara nyingi vidonge vya aina hiyo hupunguzwa au kusimamishwa na insulini hushushwa, ila kiasi anapanga daktari wake. Asijipangie.

Wiki hizo mbili apime sukari angalau mara nne kwa siku, kabla ya milo na wakati wa kulala. Ikiwa chini ya 4 mmol/l (yaani 70 mg/dl), anywe mililita 150 za juisi au maji yenye vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Wapo wanaogoma eti wataharibu mlo. Hiyo ni tiba, haihesabiwi.

Kama kuna dawa ambayo jina lake linaishia na "-gliflozin", kwa mfano dapagliflozin au empagliflozin, lazima itajwe. Ukila wanga kidogo huku unaimeza, damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikisoma kawaida, kwa hiyo kipimo cha sukari hakitakuonya. Dawa za presha nazo ziangaliwe: uzito na maji vikishuka, presha inashuka pia, mtu akisimama anaona kizunguzungu.

Mizani_ya_Jikoni
Mkuu, tuje jikoni. Lengo ni protini gramu 60 hadi 80, wanga chini ya gramu 100. Siku moja inaweza kwenda hivi, uzito wote ni wa chakula kilichoiva:

Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha. Mchana kuku asiye na ngozi gramu 80, na mboga za majani, kabichi au nyanya gramu 200. Saa kumi mtindi usio na sukari gramu 200. Usiku samaki mweupe gramu 100 na mboga nyingine gramu 200. Katikati ya siku, maziwa yaliyopunguzwa mafuta mililita 200 na tunda moja dogo. Mafuta ya kupikia ni vijiko viwili vya chai kwa siku nzima. Jumla inakuja kama kalori 870, protini gramu 80 na ushee. Hapo panabaki nafasi ya wali au kiazi gramu 80, na bado hujavuka 1,000.

Mafuta ndiyo mtego. Kijiko kimoja cha mezani kina kama kalori 120. Ukimimina kwa macho ukafika vijiko vitatu, zaidi ya theluthi ya siku imekwisha na hakuna aliyeshiba. Pima, usikadirie.

Kuna kliniki zinazotoa mlo wa maziwa matupu, lita 1.8 ya yaliyopunguzwa mafuta kwa siku. Yanatoa protini kama gramu 65 na kalori 900 hivi. Ni rahisi kwa mpishi, yanachosha mlaji. Mwulize mtaalamu wake wa lishe kwanza, usimbadilishie mwenyewe.

Sahani_Nusu
Nikubaliane na yote, ila nitie neno kwenye matunda. Tunda moja litafunwe, lisisagwe. Watu husaga matatu kwenye glasi moja, wanaita "afya", kumbe ni wanga gramu 50 uliomezwa kwa dakika mbili. Maharage pia yana protini, lakini gramu 100 za yaliyoiva zinakuja na wanga kama gramu 20. Ukiyatumia, toa wali.

Na msifanye karamu ya kuaga chakula. Siku tatu za kula kwa fujo kabla ya kuanza zinajaza ini upya, unaanza ukiwa nyuma.

Mpishi_wa_Nyumbani
Asanteni sana, kliniki ya kisukari tutaipigia kesho. Mawili ya mwisho: akiteleza siku moja tufanyeje? Na usiku wa mwisho anaweza kunywa maziwa?

Kijiko_cha_Chai
Akiteleza, mlo unaofuata urudi kwenye mstari. Asifidie kwa kushinda njaa, hasa na dawa zile. Zikipotea siku kadhaa, waambieni kliniki ukweli. Kusogezwa tarehe ni afadhali kuliko kulazwa usingizi halafu daktari akute hapaoneki kitu.

Siku ya pili hadi ya nne ndizo mbaya: kichwa, uchovu, hasira. Mara nyingi ni maji na chumvi vilivyotoka. Supu nyepesi iliyochujwa kikombe kimoja au viwili husaidia, kama daktari hajamkataza chumvi. Choo kikiwa kigumu, ongeza maji na mboga, kisha uliza kuhusu isabgol, unga wa nyuzinyuzi wa kulainisha choo.

Maziwa yanahesabiwa kama chakula, na vinywaji vya protini vilevile. Kanuni ya kawaida ni saa sita bila chakula kabla ya nusukaputi, maji matupu mpaka saa mbili kabla. Wakikupa saa tofauti, fuata zao. Na kama anachoma sindano ya wiki ya kupunguza hamu ya kula, semaglutide au jamii yake, mtaalamu wa nusukaputi ajue mapema, siyo asubuhi ile mlangoni, kwa sababu chakula kinaweza kuwa bado tumboni hata baada ya hizo saa sita.