Naomba ushauri: bunduki ya babu wa vita vya Burma

Wadau, hamjambo. Babu yetu wa Maragoli alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki wakati wa ukoloni), akapigana Burma mwaka 1944. Juzi tukiezua nyumba yake tulikuta gunia darini, ndani mna bunduki ya .303. Nilisugua kutu kwa kidole pale chuma kinapokutana na kitako, nikaona taji, herufi GR (za Mfalme George), BSA Co (kiwanda cha silaha cha Uingereza), 1917. Kumbe ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia! Mbao imelainika kabisa palipolala shavu. Risasi hakuna.

Medali mzee alituonyesha kila Krismasi, lakini hii alinyamaza nayo mpaka kaburini.

Kaka yangu amesikia kuna mtu Nakuru anayekusanya silaha za kale, anataka tumuuzie. Mimi nimekataa; Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti na sisi hatuna. Ila nikifikiria kuwa tukiisalimisha itayeyushwa, roho inauma.

Je, tuanze kwa chifu, wakili au twende kituoni moja kwa moja? Kuna aliyewahi kusalimisha kitu kama hiki kikaharibiwa mtutu ili kisifyatue tena, kisha kikapelekwa makumbusho, tuseme ya Kisumu? Kwa sasa sijaisogeza, na watoto nimewafukuza huko.