MREJESHO: Mashindano ya gemu ya mikakati na wachezaji walio mbali na seva

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nifanyeje ili mashindano yetu ya mtandaoni yasijae watu wa Ulaya na Marekani tu, huku wa Afrika na Amerika Kusini wakijisajili halafu hawatokei.

Nilifuata ushauri wa kutolazimisha saa moja kwa wote. Kila jozi ilipewa siku saba kupanga mechi yake, saa zikaandikwa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima). Hapo ndipo mambo yalipobadilika: msimu uliopita wachezaji wa Afrika na Amerika Kusini walikuwa wawili, safari hii tisa kati ya 32, na ni mmoja tu aliyeingia mitini.

Seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, ndiyo imenishinda. Kilomita 10,000 za faiba (nyaya za intaneti) ni ucheleweshaji wa si chini ya milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata mtandao uwe mzuri vipi. Tulipochagua seva ya katikati, wote walilalamika (angalau kwa usawa). Mmoja alibofya jeshi lirudi nyuma. Amri inafika, jeshi limeshakwisha. Msimu ujao tunajaribu gemu ya zamu kwa zamu, ambayo haiumizwi na kuchelewa huko.

Wazo la kutenga nafasi maalumu kwa kila kanda sijaligusa, bado tunabishana. Aliyetoa wazo la siku saba, asante sana mkuu.