Mjadala: Mwenye leseni ya bastola aingie nayo hospitali na mahakamani?

Wana Kigoma, kuna hoja inayozunguka vijiweni Mwanga na Ujiji: mtu amepewa leseni kihalali, kwa nini azuiwe mlangoni? Wanaoitetea wanaitaja Marekani, basi tuanzie huko huko.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la New York lililomtaka anayetembea na bastola iliyofichwa aeleze sababu maalumu. Lakini hukumu hiyo hiyo ilikubali kwamba kuna maeneo nyeti ambako silaha inaweza kupigwa marufuku, zikiwemo mahakama na vituo vya kupigia kura. Hiyo ni nchi ambayo Katiba yake inamlinda raia mwenye bunduki! Katiba yetu haina kifungu hicho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inatoa leseni, na leseni ni ruhusa yenye masharti.

Mimi nasema isiingie. Fikirieni mapokezi ya dharura ya hospitali ya Maweni usiku, ndugu wa majeruhi wa bodaboda wamefika wamepandwa na hasira, daktari ni mmoja. Iliyofichwa kiunoni hata mlinzi haioni mpaka imeshatolewa.

*Mchangiaji, Kasulu:*
Kaka, heshima yako. Mimi nanunua maharage vijijini, natembea na fedha taslimu. Njia ya Kibondo tumeisafiri mabasi yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Nikifika mjini nina shauri mahakamani, bastola nimwachie nani? Niiache kwenye gari wavunje kioo?

*Mtoa hoja:*
Ndugu yangu, hapo ndipo penye kazi. Kubandika tangazo la marufuku ukutani bila kuweka mahali pa kuhifadhi ni kuwalisha wezi. Marekani kwenyewe bunduki nyingi zinaibwa kwenye magari. Nataka kila jengo lenye marufuku liwe na kabati la chuma mlangoni, daftari la namba ya leseni na namba ya silaha, na stakabadhi mkononi mwako. Tuanze na mahakama, ambako polisi wapo tayari. Gharama ya kabati halmashauri inaimudu, hilo sina shaka nalo.

*Mchangiaji, nesi:*
Shikamooni. Naunga mkono kabati, ila funguo asishike mlinzi wa kukodishwa anayebadilishwa kila mwezi. Ashike askari mwenye namba, awajibike. Tena msiwaandikie wakubwa msamaha. Askari akileta mtuhumiwa kutibiwa, aje na silaha yake, yuko kazini. Akija kumwona mkewe aliyejifungua, naye aiache mlangoni kama wengine.