Mchagga akienda kwao Desemba "anaenda kuhesabiwa", Muha akienda kwao ni mhamiaji haramu. Tumechoka!

Wakuu habari za humu. Sizunguki, hii kitu ya sisi Waha wa Kigoma kuitwa Warundi kwenye nchi yetu imenikaa rohoni muda mrefu na juzi nimeona posti moja ya utani kuhusu Wachagga kwenda kuhesabiwa ikabidi niandike, mtanisamehe kwa urefu na kama kuna mahali natukana mods wafute neno waache uzi.

Kila Desemba ni ile ile. Mji unatangaziwa kwamba Wachagga wanaondoka kwenda kwao Kilimanjaro kula Krismasi, ndo wanaita kuhesabiwa, Dar imebaki nyeupe, foleni hakuna, chagua kiti daladala. Mabasi ya ziada yanapewa vibali vya muda, Coaster na Noah zinaingizwa barabarani, treni ya Moshi iliyofufuliwa 2019 inajaa mpaka watu wanagombania tiketi, redioni watangazaji wanacheka siku nzima na habari za ndafu (mbuzi wa kuchomwa mzima) na mbege (pombe ya ndizi) na mgomba wa kihamba (shamba la ukoo). Safi kabisa! Sina kinyongo hata chembe, nimeoa Rombo mimi, watoto wangu nusu yao ni huko, na Krismasi ya kule nimekula nikashiba. Nimepanda basi la Moshi msimu wa sikukuu, njia nzima trafiki kazi yao ni kuangalia spidi na kuhesabu abiria wa kusimama, hakuna hata mmoja aliyeingia kuniuliza babu yangu kazaliwa wapi.

Sasa njoo upande basi la Kigoma tarehe hizo hizo.

Ukishavuka Kahama tu konda anasimama katikati, anasema kwa sauti ya kuchoka "ndugu abiria vitambulisho vikae karibu". Hasemi hivyo kwenye basi la Mbeya. Hasemi kwenye basi la Tanga. Na watu ndani ya basi wanabadilika, waliokuwa wanapiga stori wananyamaza, kina mama wanaanza kufungua mafundo ya kanga kutafuta karatasi, vijana wanahamisha noti kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine (wanaojua wanajua kwa nini). Basi linasimamishwa kwenye kizuizi, sitasema kipi, jamaa wawili wanapanda na tochi. Hawaanzi siti ya kwanza kwenda ya mwisho kama mtu anayekagua. Wanamulika NYUSO. Kulikuwa na baba mmoja wa Shinyanga amelala kinywa wazi, karukwa. Dada wa Kizaramo aliyeolewa Kasulu, karukwa. Wakafika kwa bibi mmoja ana begi la shangazi kaja limejaa mpaka zipu imekufa, limefungwa na kamba ya katani, anatoka kumuona mwanae Dar. "Mama wa wapi wewe?" Bibi kajibu wa Heru Juu, Kasulu. Kiswahili chake kina lafudhi, ndiyo, mtu kaongea Kiha miaka sabini unategemea aongee kama mtangazaji wa taarifa ya habari? Akaambiwa imba wimbo wa taifa.

Bibi wa watu kaimba. Saa nane usiku, basi linanguruma, watoto wanalia, bibi kasimama ameshika siti ya mbele anaimba Mungu ibariki Afrika, beti zote mbili, hakukosea hata neno, na yule jamaa wa tochi anacheka na mwenzie. Alipomaliza hakuambiwa hata asante mama kaa. Wakahamia siti inayofuata.

Siti inayofuata ni dogo mmoja fundi ujenzi, ana karatasi yenye namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kadi yenyewe haijatoka, kama mamilioni ya Watanzania tulivyosubiri kadi miaka na miaka. Kaambiwa namba sio kitambulisho. Kashushwa. Konda kaenda kubembeleza, dereva kapiga honi, dakika zikaenda, basi likaondoka bila yeye. Ndoo yake ya rangi yenye sukari na nguo za wadogo zake ilifika Kasulu, yeye hakufika. Tuliiacha ofisini kwa wakala imeandikwa jina kwa makapeni.

Mniambie hiyo ndo sikukuu?

Na najua komenti zinazokuja, ngoja nizimalize mapema maana kila tukileta hili suala mnakuja na majibu yale yale. "Kigoma ni mpakani." Ehe, na Rombo ni wapi? Shemeji yangu anaamka asubuhi anaenda soko la Kenya anarudi mchana anakunywa chai kwake, Tarakea pale ukipiga chafya wanakujibu Loitokitok. Wamasai wako pande zote mbili za mpaka, Wakuria hivyo hivyo, Wajaluo wa Rorya, Wanyakyusa wana ndugu Malawi, Wamakonde wana ndugu Msumbiji. Nchi hii mipaka yake yote walichora Wazungu, huu wa kwetu na Burundi walikaa Mwingereza na Mbelgiji baada ya kumtoa Mjerumani wakagawana, hakuna aliyekuja kumuuliza Muha wewe unataka kulala upande gani. Kiha na Kirundi vinaelewana, kweli, kama Kimasai cha Monduli na cha Kajiado. Mbona lugha ya yule ni utamaduni wa kuonyesha watalii na ya kwangu ni ushahidi wa kosa?

"Kuna wakimbizi wengi." Wapo, nani kakataa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, 2015 Warundi waliingia kwa wingi tukawaona wamelala ufukweni Kagunga, na waliowapokea kwa mihogo yao kabla hata ya mashirika kufika ni hao hao Waha mnaowashusha kwenye mabasi. Na hao Warundi wa 1972 ambao serikali yenyewe iliamua kuwapa uraia, zaidi ya watu 160,000, vyeti vikagawiwa kuanzia 2014, makazi yao ni Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Nendeni kwenye ramani. Hayo ni Katavi na Tabora, wala sio Kigoma. Na hata wao sasa hivi ni Watanzania wenzenu kwa karatasi, kwa hiyo hata ukimkamata "Mrundi" wa hivyo umemkamata raia. Lakini nani ana muda wa kufikiria, sura inatosha.

Mimi sipingi ukaguzi. Narudia kwa herufi kubwa ili msije na maneno yenu, SIPINGI UKAGUZI. Kagueni basi zima basi! Kagueni la Moshi, la Namanga, la Tunduma, la Tarime, kwa kipimo kile kile, kitambulisho kwa kitambulisho. Ninachopinga ni pua yangu kuwa pasipoti.

Na hicho kipimo chenyewe jamani. Unaambiwa taja babu mzaa baba kazaliwa mwaka gani, kafia wapi, kaburi liko wapi. Haya ngoja niwaeleze la kwetu. Babu yangu alienda manamba (kibarua cha mkataba), alichukuliwa na wenzake kwenda mashamba ya mkonge Tanga, kama Waha maelfu enzi za mkoloni, ndo maana mpaka leo ukienda Muheza na Korogwe unakuta Waha ambao Kasulu wanaisikia tu. Kafia huko. Kaburi la shamba la mkonge, msalaba wa mti, uliliwa na mchwa kabla mimi sijazaliwa. Haya babu mzaa mama yeye alibaki nyumbani, kazikwa kwenye boma lake la zamani, alafu ikaja Operesheni Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 70, serikali ikahamisha watu kwenye vijiji vya ujamaa, panda lori, acha migomba, acha makaburi. Lile boma sasa hivi ni pori. Kwa hiyo serikali iliyomhamisha babu ndo leo inaniuliza babu yuko wapi. Na cheti cha kuzaliwa cha mtu wa miaka ya 30 kijijini Buha (nchi ya Waha) nitakitoa wapi mimi, nichonge?

Sasa hapo msije mkasema labda ni kwa sisi wadogo tusiojulikana. Mwaka 2001 Jenerali Ulimwengu, mwandishi, kishakuwa mbunge na mkuu wa wilaya, aliambiwa sio raia, na wenzake akina balozi Timothy Bandora. Mtu kaitumikia nchi mpaka mvi! 2018 Abdul Nondo, kijana wa Kigoma, kiongozi wa wanafunzi, katoka kwenye sakata la kupotea kwake, kidogo tu Uhamiaji wanamuita alete ushahidi wa uraia wake na wa wazazi na wa babu na bibi. Sasa kama uraia wa mtu unakumbukwa akifungua mdomo tu, huo ni uraia au ni leseni? Alafu 2013 ile Operesheni Kimbunga ya kuondoa wahamiaji haramu, Kagera, Kigoma na Geita, watu waliishi hapa miongo, wameoana, wamezaa, baba akavushwa mpakani, mama na watoto wakabaki. Mnaijua au mlikuwa mnaangalia mpira?

Kichekesho kikubwa sasa. Toka 2021 mpaka 2025 Makamu wa Rais wa nchi hii alikuwa Philip Mpango, mtu wa Buhigwe, Kigoma, Muha kabisa. Wasanii mnaowacheza kwenye harusi zenu Diamond na Alikiba asili yao mnaijua. Hapo ni "wetu". Mtu wa Kigoma akiwa juu ya jukwaa ni Mtanzania mwenye kipaji, akiwa siti ya dirishani ni mtuhumiwa.

Tukitoka kwenye vizuizi tuje mtaani kwa sababu mtaani ndo kunaniuma zaidi, askari nitasema katumwa, wewe jirani umetumwa na nani? Mdogo wangu ana kibanda cha kutengeneza simu hapa mjini, mwaka wa ngapi sijui. Julai 2025 ilivyotoka ile amri ya biashara 15 ambazo wageni hawaruhusiwi kufanya, na ufundi simu umo, na mimi nikaunga mkono kabisa maana Wachina walishafika mpaka kwenye kuuza vocha, haikuisha wiki fundi mwenzie wa kibanda cha pili akaanza kuwaambia wateja "huyo ni Mrundi, mtaona watakuja kumfungia". Wamekula ugali pamoja miaka yote! Walikuwa wanaazimana bisibisi! Mtu akaona upenyo wa kumuondoa mshindani akautumia, na alijua akisema huyo ni Mpare mwizi hakuna atakayemsikiliza, ila akisema Mrundi hata mwenyekiti wa mtaa atashtuka. Dogo ikabidi alaminishe nakala ya NIDA aitundike ukutani juu ya ile kava za simu. Kwenye nchi yake.

Ukienda kupanga chumba, "kijana wa wapi?" Kigoma. "Ahaa... Kigoma ya ndani au ya kule?" Kule wapi mama? Utani wa uchawi na mwisho wa reli tumeuzoea, tunacheka, watani zetu tunawajua na sisi tunawapa zao. Lakini utani una mwenzake anakujibu. Huu wa "rudi Bujumbura" haujibiki maana nyuma yake kuna karandinga.

Mke wangu ambaye ni Mchagga pure alikuwa haamini, anasema nyie Waha mnapenda kulalamika. Nikaenda naye nyumbani sikukuu moja. Pale kizuizini jamaa kanimulika mimi, kaangalia kadi yangu, kaigeuza nyuma, kaikwaruza na kucha kuona kama ni feki, kaniuliza shule ya msingi nimesoma wapi na mwalimu mkuu alikuwa nani. Mke wangu pembeni kaacha kitambulisho Dar. Hana hata picha yake kwenye simu. Hakuulizwa kitu. Jamaa kamwambia "safari njema dada". Aisee mwanamke alinyamaza mpaka Kibondo, tulivyofika kwa mama akanywa chai yake na viazi ndo akaniambia, "baba Neema, wangekufanyia hivi Himo kijiji kizima kingetoka na mapanga." Nikamwambia ndo ujue sasa, kwetu kijiji kizima kiko kwenye foleni kinatafuta cheti cha babu.

Kwa hiyo wabunge wa mkoa wetu, mnaokuja kucheza ngoma kwenye kampeni na mnajua kusalimia kwa Kiha "mwakeye" mkiwa jukwaani, mambo mawili tu nataka msimame nayo. Kadi za NIDA zilizokwama zitoke, na yeyote anayemshusha raia kwenye basi aandike jina lake na sababu kwenye karatasi ampe huyo aliyemshusha. Karatasi tu. Mtaona vizuizi vitakavyopungua, maana kuandika sababu "pua" ni ngumu.

Na nyie wazee wa "kama huna hatia unaogopa nini", karibuni. Kabla hujanijibu weka hapa jina la baba wa babu yako mzaa mama, mwaka aliozaliwa, na kijiji alichozikwa. Bila kumpigia mtu simu. Nipo online, nasubiri.