Nyumba ya urithi Mji Mkongwe: chokaa na boriti, saruji, au kukodisha?

Mjukuu wa Kiponda
Assalaam alaykum. Sisi ndugu wanne tumerithi nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Kiponda, Unguja, ndani ya eneo lililoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000. Ukuta wa upande wa uchochoroni umevimba, lipu inadondoka kila masika, na boriti tatu za chumba cha juu zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani. Kaka yangu anataka tuitengeneze kwa chokaa na boriti kama ilivyojengwa, dada anataka saruji na zege tumalize mara moja, na mdogo wetu anasema tumkodishe mwekezaji wa hoteli abebe gharama yeye. Naomba mnieleze mliyoyaona kwa macho yenu, maana ya kusikia tunayo tele.

Fundi wa Chokaa
Wa alaykum salaam. Kabla ya kulinganisha chochote, panda juu ya paa. Nyingi ya nyumba hizi awali zilikuwa na paa la bapa, mabati yakaja baadaye, na mfereji uliopo kati ya bati na ukuta ukiziba kwa majani, maji hushuka ndani ya ukuta hadi kwenye vichwa vya boriti. Ukitengeneza ukuta kabla ya mfereji umetupa fedha.

Kuhusu saruji, jiwe la tumbawe lina vitundu vinavyonyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuachia upite. Saruji huuzuia, chumvi ikaganda nyuma yake, na siku lipu inapobanduka huondoka na uso wa jiwe. Zege nalo ni zito mno kwa kuta zilizojengwa kwa mawe, udongo na chokaa. Ila chokaa inataka subira: hupigwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hufunikwa na kunyunyiziwa maji lisikauke kwa pupa.

Mama wa Mkunazini
Nathibitisha kwa hasara yangu mwenyewe. Tulipiga saruji sebule ya chini, na mwaka wa kwanza ilipendeza kweli. Mwaka wa tatu unyevu ulikuwa umepanda juu ya lile tabaka la saruji, hadi pale ambapo ukuta haujawahi kulowa tangu enzi za bibi yangu, na nyuma ya kabati tukakuta unga mweupe wa chumvi wa kujaza kiganja. Kuibandua saruji ile kulitugharimu kuliko kuipiga.

Hesabu Kwanza
Yote ni kweli, lakini nani analipa? Sheria inamtaka mwenye nyumba apate kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kibali hakimletei fundi wala boriti. Hata Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883 mjini humo, pamoja na umaarufu wake wote, upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020 wakati ikikarabatiwa. Familia yenye mishahara ya kawaida itaweza wapi? Mimi ningekodisha. Ila hakikisheni kwanza kwamba nyumba si ya wakfu, kwa sababu mji ule una nyumba nyingi za wakfu, na hizo hamwezi kuziamulia kama mali yenu.

Mkaazi wa Mkomani
Nawasalimu kutoka Lamu. Kwetu shida ya kwanza huwa ni boriti. Mwaka 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko tunayopatia boriti nayo iliguswa, na kazi zikalala. Boriti ikioza kichwa tu na kiwiliwili bado kikawa kizima, mwambieni fundi aitegemeze kwa mhimili wa mbao ngumu chini yake kabla hamjafikiria kung'oa dari nzima.

Mkikodisha, mwandike katika mkataba nani anazibua mfereji na mara ngapi kwa mwaka. Pia mwandike kwamba hakuna kuta za kubomolewa ili kupanua vyumba. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya takribani mita tatu, na ukuta unaodhaniwa ni wa kugawa tu ndio unaobeba dari.

Mjukuu wa Kiponda
Ahsanteni sana. Leo asubuhi nimepanda. Mfereji umejaa udongo, na ndani yake umeota mche wa mtini mwitu unaonifika kiunoni, mizizi imezama ukutani palepale penye uvimbe. Tumekubaliana kuanza na paa, kisha ukuta kwa chokaa, na duka la chini pekee ndilo tutakalokodisha ili kodi yake ilipie boriti. Kesho nitaung'oa mche.

Fundi wa Chokaa
Usiung'oe, ndugu yangu! Utashuka na mawe. Ukate shina usawa wa ukuta, uiue mizizi kwa dawa, uiache ikauke yenyewe, na matundu tutayajaza chokaa masika yakiisha.