Tupeane uzoefu: mliokulia au kuoa familia za Kichina zilizoandamwa 1966–1976

Wakuu, habari zenu. Nimeolewa kwenye familia ya Kichina. Mama mkwe alikuwa na miaka 12 Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao, kiongozi wa China, ya kuwaandama walioitwa maadui wa mapinduzi, yalipoanza mwaka 1966, na hakuwahi kuyagusia. Juzi nikijaza fomu ya shule ya mwanangu akauliza, "Wanataka asili ya familia?" Nikamwambia hawataki. Hapo ndipo akafunguka.

Babu yake alikuwa na mashamba. Yaligawiwa watu kabla mama hajazaliwa, lakini kwenye kila fomu mama alibaki wa tabaka la "mwenye ardhi", tabaka lililohesabiwa adui. Walinzi Wekundu, vikundi vya vijana wafuasi wa Mao, waliingia nyumbani wakachoma vitabu na vibao vya majina ya wazee wa ukoo, eti ni mambo ya kale. Baba yake, mwalimu, alivishwa kofia ndefu ya karatasi akazungushwa mitaani. Kisha mama akatakiwa amkane mbele ya darasa. Akamkana.

Wenzangu, wazee wenu mliongea nao vipi?

*

Dada, pole. Mimi ni Mchina, nilisoma Kiswahili Beijing, sasa niko Dar kikazi. Desemba 1968 Mao aliagiza vijana wa mjini wakafunzwe na wakulima, na baba yangu akapelekwa Heilongjiang, kaskazini mashariki mwa China, kwenye baridi isiyosemeka. Watoto wa wafanyakazi waliitwa kurudi viwandani mapema. Jina lake lilirukwa kila mara kwa sababu ya tabaka la babu. Mtihani wa vyuo vikuu, uliosimamishwa 1966, uliporudi Desemba 1977, walioufanya walizidi milioni 5 na waliopata nafasi hawakufika laki tatu. Baba alikosa. Lakini huwa anasema mara ile alifelishwa na alama zake mwenyewe, na kwake hiyo ilikuwa heshima.

*

Kwetu ni Zanzibar. Babu alitoka Guangdong, kusini mwa China, kufuata biashara ya majongoo bahari, dada yake akabaki kijijini. Babu alikuwa akimtumia pesa na barua. Miaka ile kuwa na ndugu ng'ambo kulitosha mtu kuitwa jasusi. Ikaja barua moja fupi: usiniandikie tena. Babu alifariki akiamini dada yake alimchukia. Sisi wajukuu tumekuja kuelewa juzi tu, na inaniuma mpaka leo.

*

Wapo waliosema wazi kwamba mtoto asihukumiwe kwa tabaka la baba yake. Yu Luoke wa Beijing aliandika insha ya kupinga hilo, akauawa Machi 5, 1970, akiwa na miaka 27. Majina ya kitabaka kama "mwenye ardhi" yalianza kufutwa rasmi Januari 1979.

*

Dada mleta mada, watoto wengi walilazimishwa vile. Usimbane mama kwa nini alimkana. Muulize baba yake alimwambia nini baadaye.

*

Nimemuuliza leo mchana. Anasema maneno aliyosoma darasani aliandikiwa na baba yake mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile, akamkaririsha mpaka akayashika, ili wasimguse. Akikubali kuendelea nitarudi.