Naomba ushauri: mgonjwa wa malaria na chai ya sukari

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Nyegezi, Mwanza. Juzi nilieleza kwamba kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kikiwa ndani ya chembe nyekundu hakina akiba ya sukari. Huivuta glukosi ya damu yetu kupitia protini ya kwenye utando wake, PfHT1, ambayo hupitisha hata fruktosi, sukari ya matunda. Binti mmoja akauliza: basi mgonjwa aache chai ya sukari ili kimelea kife njaa? Nilimkatalia upesi, maana malaria kali hushusha sukari ya damu, na mtoto anaweza kupoteza fahamu. Hakuridhika, na nyumbani kwao mdogo wake anaumwa. Mliosomea udaktari au maabara, nimwelezeje tofauti ya kuziba mlango wa kimelea (yaani hiyo PfHT1) na kumnyima mgonjwa sukari? Kesho asubuhi nina kipindi nao.